Kwa nini "inakaribia 3/2" haitoshi: kutafuta supremamu ya seti na kuithibitisha

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma ualimu wa hisabati, mwaka wa kwanza, hapa Mwanza. Kwenye jaribio tulipewa seti A yenye namba zote za umbo (3n − 1)/(2n + 5), n ikiwa 1, 2, 3 na kuendelea. Tukaambiwa tutafute supremamu yake na tuithibitishe. Niliandika: "n inapokua bila mwisho, sehemu hii inakaribia 3/2, kwa hiyo supremamu ni 3/2." Jibu limewekewa tiki, uthibitisho nimepata sifuri. Nimekosea wapi? Na hiyo epsiloni huwa wanaitoa wapi? (Msomaji, Nyegezi)

Jibu: Marahaba. Aliyesahihisha hakukuonea. Ni kweli supremamu, yaani namba ndogo kuliko zote ambayo hakuna memba wa seti anayeizidi, ni 3/2, ila sentensi yako haijaonyesha hata moja kati ya mambo mawili yanayotakiwa. Tena sentensi ya namna hiyohiyo ikiandikwa juu ya seti nyingine inaleta jibu la uongo. Chukua namba za umbo 1 + 1/n. Kadiri n inavyokua zinakaribia 1. Je, supremamu yake ni 1? Hapana, ni 2, kwa sababu n = 1 inatoa 2 na nyingine zote ziko chini ya hapo. Kukaribia kunahusu namba za mbali tu, wakati supremamu inaulizia seti nzima, pamoja na zile zilizokaa mwanzoni.

Tuanze na picha ya hapo ulipo. Fikiria seti ya vina vyote vya Ziwa Victoria, sehemu kwa sehemu, kuanzia ufukweni Nyegezi hadi katikati. Anayesema hakuna kina kinachozidi mita 1,000 hasemi uongo: 1,000 ni mpaka wa juu wa seti hiyo. Hata 100 ni mpaka wa juu. Lakini ziwa hili, pamoja na ukubwa wake wote, halina kina kirefu sana. Penye kina kuliko kote ni mita 80 na kitu, na hiyo ndiyo namba inayotafutwa: mpaka wa juu ulio mdogo kuliko mipaka ya juu mingine yote. Sasa tazama kazi inayotakiwa. Kuthibitisha kwamba 100 ni mpaka wa juu, lazima uwe na neno juu ya kila sehemu ya ziwa, usiruke hata moja. Kumkatalia anayedai kwamba 70 ni mpaka wa juu, unahitaji sehemu moja tu ambako kamba ya kupimia inashuka zaidi ya mita 70. Kazi ya kwanza ni ya "kila", ya pili ni ya "ipo angalau moja". Karibu maksi zote zinazopotea kwenye swali hili hupotea kwa sababu mwanafunzi amefanya moja akaacha nyingine, au amezichanganya.

Kwa maneno ya hisabati, namba s ni supremamu ya seti A iwapo:

Kwanza, kila a iliyo ndani ya A haizidi s.

Pili, kwa kila epsiloni iliyo kubwa kuliko sifuri, ipo a ndani ya A ambayo ni kubwa kuliko s − epsiloni.

Sharti la pili linaogopwa bure. "s − epsiloni" ni namba yoyote iliyo chini ya s, imeandikwa hivyo ili umbali wake kutoka s uonekane. Kwa hiyo sharti linasema tu kwamba ukishuka chini ya s, hata kwa kiasi kidogo namna gani, hauko tena kwenye mpaka wa juu, kwa sababu kuna memba wa seti aliyekuzidi.

Masharti haya yana maana pale tu seti ina memba angalau mmoja na ina mpaka wowote wa juu. Seti ya 1, 4, 9, 16 na kuendelea haina mpaka wa juu, basi haina supremamu ndani ya namba halisi. Seti tupu nayo haina, kwa sababu ya kuchekesha kidogo: kila namba ni mpaka wake wa juu, hivyo hakuna ulio mdogo kuliko yote. Kwenye jibu lako mstari mmoja unatosha: "A si tupu, maana n = 1 inatoa 2/7."

Kutafuta

Hapa unaruhusiwa kukisia, na "kukaribia" kwako kuna nafasi yake. Fanya kwenye karatasi ya rafu. Weka n = 1 upate 2/7, yaani kama 0.286. n = 10 inatoa 29/25, yaani 1.16. n = 100 inatoa 299/205, karibu 1.459. n = 1,000 inatoa 2999/2005, karibu 1.496. Namba zinapanda, na 3/2 inanukia. Unaweza pia kugawa juu na chini kwa n upate (3 − 1/n)/(2 + 5/n), ukaona kinachobaki ni 3/2 pale 1/n na 5/n zinapokuwa ndogo mno.

Ukishakisia, usianze kuandika uthibitisho bado. Toa kwanza memba wa seti kutoka kwenye namba uliyoikisia:

3/2 − (3n − 1)/(2n + 5) = [3(2n + 5) − 2(3n − 1)] / [2(2n + 5)] = 17/(4n + 10)

Hesabu ya juu ni 6n + 15 − 6n + 2, na n zinafutana, inabaki 17. Huo mstari mmoja umebeba uthibitisho wote. Kwa kuwa 17/(4n + 10) ni kubwa kuliko sifuri kwa kila n, sharti la kwanza limekwisha. Kwa kuwa unaweza kuifanya ndogo upendavyo kwa kuongeza n, sharti la pili limebakiza kuandikwa tu. Kosa la kawaida hapa ni alama: mtu anasahau mabano kwenye 2(3n − 1), anapata 15 − 2 badala ya 15 + 2, anaandika 13. Jaribu n = 1: 3/2 − 2/7 ni 17/14, na 4n + 10 kwa n = 1 ni 14. Imekubali. Jaribio hilo linachukua nusu dakika, lifanye kila mara.

Epsiloni inatoka wapi

Haitoki kwako. Hili ndilo jambo la kushika kuliko yote. Epsiloni anakupa mtu anayebisha, wewe unamjibu kwa n. Akisema 0.01, umtafutie n, akisema 0.000001, umtafutie nyingine. Uthibitisho ni kanuni inayomjibu kabla hajafungua mdomo, epsiloni yoyote atakayoleta.

Kwenye rafu, anza na unachokitaka, yaani 17/(4n + 10) iwe ndogo kuliko epsiloni, kisha rudi nyuma. Hiyo inataka 4n + 10 izidi 17/epsiloni, yaani n izidi (17/epsiloni − 10)/4. Unaweza kuishia hapo, ila kuna njia fupi ninayoipendelea: 4n + 10 ni kubwa kuliko 4n, kwa hiyo 17/(4n + 10) ni ndogo kuliko 17/(4n). Basi nikihakikisha 17/(4n) haizidi epsiloni, kazi imekwisha, na hilo linataka n isipungue 17/(4 × epsiloni).

Tuone tofauti kwa epsiloni = 0.01. Njia ya kwanza inataka n izidi 422.5, yaani 423 na kuendelea. Njia fupi inatoa 425. Nimepoteza namba mbili, na hakuna anayenidai, kwa kuwa sharti linasema "ipo", halisemi nilete n ndogo kuliko zote. Wanafunzi wengi hupoteza dakika wakisaka n kamili kabisa kana kwamba kuna zawadi. Kwenye sehemu yenye n² juu na chini, ukaidi huo utakuingiza kwenye kipeuo cha pili ambacho hukukihitaji.

Sasa uthibitisho wenyewe, kama unavyopaswa kusomeka kwenye karatasi ya majibu:

"Kwa kila n, 3/2 − (3n − 1)/(2n + 5) = 17/(4n + 10), ambayo ni kubwa kuliko 0. Hivyo kila memba wa A ni mdogo kuliko 3/2, na 3/2 ni mpaka wa juu wa A. Chukua epsiloni yoyote kubwa kuliko 0. Kwa sifa ya Archimedes, ipo namba ya kuhesabia n inayozidi 17/(4 × epsiloni). Kwa n hiyo, 17/(4n + 10) < 17/(4n) < epsiloni. Kwa hiyo (3n − 1)/(2n + 5) = 3/2 − 17/(4n + 10) > 3/2 − epsiloni. Hivyo supremamu ya A ni 3/2."

Angalia kwamba mpangilio umegeuka. Rafu ilianza na unachokitaka ikarudi nyuma; uthibitisho unaanza na epsiloni, unachagua n, unafika unakotaka. Ukinakili rafu kama ilivyo, umeanza na jambo ambalo bado hujalithibitisha, na msahihishaji ana haki ya kukata.

Sifa ya Archimedes iliyotajwa hapo ni jambo dogo lenye uzito: hata ukipewa namba halisi kubwa namna gani, ipo namba ya kuhesabia inayoizidi. Itaje kwa jina. Bila hiyo, "chukua n kubwa ya kutosha" ni ahadi isiyo na mdhamini. Kumbuka pia n lazima iwe namba nzima: kuandika "chukua n = 17/(4 × epsiloni)" ni kosa, kwani hiyo mara nyingi ni sehemu.

Kuna makosa mengine mawili ninayoyaona sana. La kwanza, kuandika "kwa n = 1,000 memba ni 1.496, ambayo iko karibu kabisa na 3/2". Huo si uthibitisho. Hiyo 1.496 inamjibu aliyeleta epsiloni 0.01, aliyeleta 0.001 bado amesimama anangoja. La pili, kuchagua epsiloni baada ya n, kwa mfano "acha epsiloni iwe 17/n". Mbishi ndiye anayeanza. Ukimchagulia swali lake, umejijibu mwenyewe.

Je, 3/2 iko ndani ya A? Ingekuwa ndani, 17/(4n + 10) ingekuwa sifuri kwa n fulani, na haiwezi. Kwa hiyo A ina supremamu lakini haina namba iliyo kubwa kuliko zote. Supremamu ikiwa ndani ya seti ndipo unaweza kuiita namba kubwa kuliko zote za seti, na hapo sharti la pili linathibitishwa kwa mstari mmoja: a = s yenyewe inazidi s − epsiloni. Upande wa chini wa A ndivyo ulivyo: pengo 17/(4n + 10) linapungua n ikiongezeka, maana yake memba wanapanda, basi mdogo kuliko wote ni wa kwanza, 2/7, na huo ndio infimamu, yaani mpaka wa chini ulio mkubwa kuliko mipaka ya chini mingine yote.

Pale ambapo huwezi kutoa

Mbinu ya kutoa inafanya kazi ukiwa na namba ya kukisia. Zipo seti ambazo namba yenyewe ndiyo inayotafutwa, na mfano ambao chuo hakitakuacha upite bila kuuona ni D, seti ya namba chanya x ambazo x² ni ndogo kuliko 2. Usiseme haraka "supremamu ni kipeuo cha pili cha 2", kwa sababu mara nyingi swali lenyewe linataka uonyeshe kwamba namba kama hiyo ipo.

D si tupu, ina 1. Ina mpaka wa juu, kwa mfano 1.5: x ikizidi 1.5, x² inazidi 2.25, basi haimo. Hapo tunaegemea nguzo ya namba halisi: kila seti isiyo tupu yenye mpaka wa juu ina supremamu. Iite s. Kwa kuwa 1 imo na 1.5 ni mpaka, s iko kati ya 1 na 1.5. Tunataka kuonyesha s² = 2, na njia ni kuziba milango miwili iliyobaki.

Tuseme s² ni ndogo kuliko 2. Basi bado kuna nafasi ya kusogea juu kidogo, na tunatafuta h ndogo ambayo (s + h)² bado haijafika 2. Panua: s² + 2sh + h². Kwa kuwa s ni ndogo kuliko 2, 2sh ni ndogo kuliko 4h. Na h ikiwa ndogo kuliko 1, h² ni ndogo kuliko h. Jumla ni ndogo kuliko s² + 5h. Basi chagua h = (2 − s²)/5, ambayo ni chanya na haizidi 1/5, na (s + h)² inabaki chini ya 2. Maana yake s + h ni memba wa D aliye mkubwa kuliko s, na s ilikuwa mpaka wa juu. Haiwezekani. Ione kwa namba: s = 1.4, s² = 1.96, h = 0.04/5 = 0.008, na 1.408² = 1.982464. Kweli bado chini ya 2.

Tuseme sasa s² inazidi 2. Shuka: (s − h)² = s² − 2sh + h², ambayo ni kubwa kuliko s² − 2sh. Chagua h = (s² − 2)/(2s), na s² − 2sh inakuwa 2 kamili, hivyo (s − h)² inazidi 2. Hakikisha s − h ni chanya: ni (s² + 2)/(2s), basi ndiyo. Memba yeyote wa D akizidi s − h, kipeo chake cha pili kingezidi 2, na hilo haliruhusiwi. Kwa hiyo s − h ni mpaka wa juu ulio mdogo kuliko s, kinyume na s kuwa mdogo kuliko yote. Kwa s = 1.5, h ni 0.25/3, s − h ni karibu 1.4167, kipeo chake cha pili karibu 2.007. Milango yote miwili imefungwa, s² = 2.

Wanafunzi huuliza hiyo 5 imetoka wapi, kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Ni 4 + 1: nne ya 2s iliyokadiriwa kwa 4, moja ya h² iliyokadiriwa kwa h. Ungetumia s haizidi 1.5 ungepata 4 badala ya 5, na uthibitisho ungesimama vilevile.

Katika hesabu hizo, s ikiwa sehemu ya namba nzima mbili, h nayo ni sehemu ya namna hiyo. Kwa hiyo ndani ya ulimwengu wa sehemu peke yake D haina supremamu kabisa: kila unayoipendekeza inasogezwa juu au chini, na sehemu ambayo kipeo chake cha pili ni 2 haipo. Ndiyo sababu nguzo ile haithibitishwi kwa sehemu, inadaiwa kwa namba halisi. Mwanahisabati Bernard Bolzano aliitumia kauli hiyo mwaka 1817 kuonyesha kwamba mchoro usiokatika ukitoka chini ya sifuri kwenda juu lazima upite kwenye sifuri. Ilipofika 1872 ndipo mwanahisabati mwingine, Richard Dedekind, alipochapisha namna ya kuzijenga namba halisi kutoka kwenye sehemu ili kauli hiyo iwe na msingi.

Mazoezi mawili ya kujipima

Seti ya (−1)ⁿ(1 + 1/n) inawanasa wanaotegemea kukaribia. Memba ni −2, 3/2, −4/3, 5/4 na kuendelea. Wenye n shufwa wanashuka kuelekea 1, wenye n witiri ni hasi wote. Supremamu ni 3/2, na imo ndani, n = 2. Infimamu ni −2. Ile 1 na −1 zinazokaribiwa hazina kazi hapa.

Ya pili ina herufi mbili: namba zote za umbo m/(m + n), m na n zikiwa za kuhesabia. Mpaka wa juu ni 1, kwa kuwa m ni ndogo kuliko m + n. Kwa sharti la pili unahitaji memba mmoja tu, basi una uhuru wa kuifunga herufi moja: weka n = 1, na 1 − m/(m + 1) = 1/(m + 1), ambayo ni ndogo kuliko epsiloni m ikizidi 1/epsiloni. Kwa infimamu, ambayo ni 0, funga m = 1 uache n ikue. Wapo wanaoweka m = n wakapata 1/2 kila mara wakadai supremamu ni 1/2, ilhali m = 2 na n = 1 inatoa 2/3.